Anayejificha Usimguse

Wiki iliyopita nilipeleka mpunga mashineni hapa Ifakara, magunia mawili, nikakaa kwenye benchi kungoja zamu yangu. Nyuma ya mashine kuna lile lundo la pumba ambalo kila aliyekulia bonde hili amewahi kulirukia utotoni, akarudi nyumbani anajikuna mpaka kesho yake. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Pumba zikiloa, halafu jua likazipiga, hutoa harufu fulani ya vumbi na uvuguvugu, kama shuka la mgonjwa. Harufu hiyo ikanipata puani. Kijana wa mashine ananiita, "Mama, zamu yako! Mama!" Mimi nimeganda, mikono imeshika magoti, naona mtungi. Watu wakadhani ni presha. Mmoja akaniletea maji.

Sina presha. Nilikuwa na mjomba. Sijawahi kusimulia habari zake kwa mtu, na nimepata ujasiri kwa sababu Bibi amefariki mwaka huu, na yeye ndiye ambaye ingemuuma zaidi.

Nilikulia Idete, kwa Bibi mzaa mama. Mama alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa, anakuja mwisho wa mwezi na mfuko wa sukari, analala siku moja, anaondoka. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule: kimoja changu na Bibi, na cha nyuma tulichokuwa tunahifadhia mpunga. Tulikuwa mimi, Bibi na mbwa mmoja mlafi anaitwa Popi. Maisha yalikuwa matamu tu, sitaki kudanganya.

Halafu Mjomba Deo akarudi. Huyu alikuwa kitinda mimba wa Bibi. Alienda Dar mimi nikiwa mgongoni, akapata kazi kwa tajiri mmoja aliyekuwa anasafirisha wanyama hai: vinyonga, kobe, nyoka, wanapakiwa kwenye maboksi yenye matundu na kupelekwa Ulaya. Tajiri akafunga ghala, wafanyakazi wakatawanyika. Mjomba alirudi na begi moja la nguo na foronya iliyofungwa mdomo kwa mpira wa baiskeli. Bibi akajua ni zawadi yake. Akaanza kuifungua.

"Mama, taratibu," Mjomba akasema. "Wamo wawili, na wanaogopa."

Bibi alirudi kinyumenyume mpaka akakalia sufuria. Hawakuwa chatu wa huku kwetu, wale wa kwenye matete ya mto wanaomeza mbuzi. Walikuwa wadogo, wanene, urefu wa mkono wa mtu mzima, kahawia na mabaka ya manjano. Tajiri alikuwa amewatoa upande wa Uganda. Mjomba akamtoa mmoja, akamweka chini, na yule chatu hakufanya lolote kati ya yale tuliyokuwa tunayaogopa. Alijikunja. Akajiviringisha pole pole akawa donge, kichwa akakificha katikati kabisa, ukawa huoni tena wapi ni nyoka na wapi ni kitu tu kilichotulia.

"Kazi anayoijua huyu ni kujificha," Mjomba akasema. Kisha akanigeukia. "Mama, njoo uone wajukuu zako."

Mimi nimerithi jina la Bibi, kwa hiyo kwake nilikuwa mama, hata nilipokuwa na kamasi. Aliniamkia shikamoo asubuhi kwa utani, na mimi najibu marahaba nimebinua midomo. Nilimpenda mno Mjomba Deo.

Aliwatafutia mitungi miwili ya maji iliyokuwa na ufa, akailaza ubavu kwenye chumba cha mpunga, akaijaza pumba kutoka mashineni, midomo ikatazama ukuta. Nikamuuliza mbona nafasi ndogo hivyo, si watabanwa?

"Ndicho wanachotaka," akasema. "Ukimpa uwanja anaona kila mahali kuna jicho. Akibanwa ubavu huu na ubavu huu, moyo unatulia."

Panya tulikuwa nao wa kumwaga, nyumba yenye mpunga haikosi panya. Mjomba alitega, akaua, akampasha panya joto kwenye kopo la maji moto, kisha akamsogeza kwa kijiti mpaka kwenye mdomo wa mtungi. Baada ya wiki chache kazi hiyo ikawa yangu, na masharti yake niliyakariri kuliko hata sala ya Baba Yetu. Weka, ondoka. Ukikaa kumtazama hali. Asipokula usimfuate, usimtoe, usimpapase, usimbembeleze. Anaweza kukaa mwezi, miwili, hata zaidi, na maji tu. Anajua mwenyewe. Ukimgusagusa ndo anazidi kususa.

Na mimi nikawa siwaoni. Hilo ndilo nataka mnielewe, maana ukimwambia mtu ulifuga nyoka anadhani ulikuwa unawavaa shingoni. Unaweka panya, unatoka, unarudi, panya hayupo. Pumba zina mchirizi. Mtungi kimya. Nilikuwa naweka sikio kwenye ule udongo wa baridi na nasikia kitu kinasogea kwa ndani, taratibu, kama mtu anayegeuka kitandani bila kutaka kukuamsha. Mara moja moja nilikuta gamba limeachwa, zima, mpaka vifuniko vya macho, nikalinyanyua kwenye mwanga nikaona ukuta kupitia pale yalipokuwa macho. Mjomba alinifundisha dalili zake. Chatu akikaribia kujivua gamba ngozi inapauka, na macho yanakuwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Hapo hali kabisa. Anangoja kutoka mpya.

Majirani walisema yao. Mama Kulwa wa nyumba ya pili, Msukuma mwenye sauti ya kuvuka mto, alikuwa akija kuomba chumvi anasimama nje ya kizingiti.

"Nyoka wa ndani hawali panya peke yake," alimwambia Bibi. "Wanakula siku za mtu. Hao ni wa utajiri hao."

"Utajiri gani, Mama Kulwa?" Bibi akanyanyua miguu. "Huoni kandambili zangu? Huu mguu bluu, huu kijani!"

Tulicheka. Lakini nilimwona Bibi, Mama Kulwa alipoondoka, anautazama mlango wa chumba cha nyuma.

Masika yalipokolea Mjomba akaanza kupungua. Sina neno jingine. Kwanza aliacha kwenda shamba. Kisha akaacha kukaa nasi mkekani wakati wa kula. Akahamia chumba cha mpunga, akaning'iniza mkeka dirishani, na shikamoo zake za asubuhi zikaisha. Siku hizi tuna jina, tunasema sonona, na redioni wanatoa vipindi. Wakati ule tulisema amechoka. Nikawa mimi ndiye ninayempelekea chakula, maana mwingine akiingia aligeukia ukutani.

Mchana mmoja nimeingia na sahani, kitanda kitupu.

"Mjomba?"

"Nipo."

Sauti ilitoka ukutani. Nilisimama, nywele zimenisisimka. Alikuwa amevuta magunia ya mpunga, akaacha kati ya magunia na ukuta upenyo ambao mtu anaingia kwa ubavu tu. Nikachungulia. Amekaa chini, magoti yamegusa kifua, kichwa amekiingiza katikati ya magoti, mikono imefunika kisogo. Amebanwa ubavu huu na ubavu huu.

Mngekuwa nyie mngekimbia. Mimi hofu iliniisha palepale, ikaja kitu kama fahari, Mungu anisamehe. Nilijiambia: kumbe ndivyo. Wengine wote hawajui hili jambo, mimi najua. Nikaweka sahani kwenye mdomo wa ule upenyo, nikaondoka bila kugeuka.

Jumamosi Bibi akaita wanajumuiya waje kusali. Walikuja kwa upendo, siwasemi vibaya. Walisali, kisha wanne wakamshika mikono na miguu wakamtoa uani kwenye jua kali, wamwogeshe, wamlishe uji. Mjomba hakupigana na mtu. Walipomwachia tu alijikunja pale pale mchangani, kichwa ndani, na wale kina mama wakabaki wanazunguka wanatafuta uso wake wa kuingizia kijiko.

"Mwacheni!" nikapiga kelele. "Msimguse! Hatakula!"

"Mtoto, kaa huko," mmoja akaniambia.

Ikawa kama nilivyosema. Tangu siku ile sahani zilirudi kama zilivyokwenda. Bibi akawa analia jikoni, analia bila sauti, mabega yanatikisika huku anasonga ugali, na mimi kilio kile kilikuwa kinanikata maini. Akasema ataita tena wanajumuiya, waje na mwalimu wa dini, waje wengi zaidi. Nikaona wanakwenda kumharibia kabisa. Nilikuwa na miaka tisa, nikafanya uamuzi.

Nilichukua sahani ya ugali na samaki ambayo Mjomba hajaigusa, nikazunguka nyuma ya choo, nikammwagia Popi. Nikairudisha nyeupe.

"Amekula?" Bibi akauliza.

"Amekula yote."

Bibi aliipokea ile sahani ya bati yenye ua jekundu, akaitazama muda mrefu sana. Kisha akasema, "Asante Yesu," na akaenda kuiosha. Wanajumuiya hawakuitwa.

Kuanzia hapo nilifanya vile kila siku. Bibi akawa anapika samaki, kila siku samaki, perege wa kukaanga na kuunga nyanya, maana ndicho chakula ambacho Mjomba alikuwa anakipenda tangu utoto. Popi akanenepa. Maji nilimpelekea Mjomba kweli, kwenye bakuli, naweka naondoka, na maji yalikuwa yanapungua. Nilikuwa natulia nikiyaona yamepungua. Kwa masharti niliyofundishwa, kila kitu kilikuwa sawa.

Ila chumba kilibadilika. Ile harufu ya pumba za uvuguvugu ikawa nzito, ukitoka nje unatoka nayo kwenye nguo. Panya niliowaweka kwenye mitungi nao wakaanza kubaki; chatu walikuwa wamesusa. Nilikuwa nakaa kizingitini mchana, nyuki wanalia kwenye paa, nasikiliza. Mtungi, mtungi, na upenyo. Wakati mwingine kitu kilijisogeza kwenye pumba na sikuweza kujua sauti imetoka wapi kati ya pale pote. Nilikuwa nasema moyoni, wote watatu wamesusa. Sikumbuki ni siku gani niliacha kusema wawili.

Siku ya saba jua lilipenya kwenye mkeka wa dirisha likaangukia ule upenyo, na Mjomba akanyanyua kichwa. Miguu yake ilikuwa imepauka, ngozi ya magotini inabanduka vipande vyembamba. Midomo imechanika. Na macho, jamani, macho yalikuwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele.

Nilifurahi. Ndiyo, nasema kama ilivyokuwa: nilifurahi mpaka nikaziba mdomo kwa viganja viwili. Nilijua amekaribia. Siku mbili tatu atatoka pale mpya, atakula, ataniamkia shikamoo, na Bibi ataniuliza nilijuaje.

"Mjomba, usiogope," nikamnong'oneza. "Hakuna atakayekugusa."

Alinitazama kama anatafuta mimi ni nani.

"Funga mlango, mama," akasema.

Nikafunga.

Kesho yake mchana nilirudisha sahani kama kawaida. Bibi alikuwa anachambua mchele. Akaipokea, akaiweka mapajani juu ya ungo.

"Miiba iko wapi?" akauliza.

Nikageuka niondoke.

"Samaki nimempa mzima. Mjomba wako amekula na miiba?"

Popi alikuwa amesimama pembeni yangu anajilamba. Bibi akamtazama Popi, akanitazama mimi. Ungo ukamwagika, mchele wote chini, na nikamwona Bibi akikimbia, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akikimbia hata mvua.

Walimpeleka hospitali ya Ifakara kwa pikipiki, amewekwa katikati, mume wa Mama Kulwa anamshikilia kwa nyuma. Alikuwa mwepesi, walisema, kama amebebwa mtoto. Aliishi siku tatu. Mimi sikupelekwa kumwona.

Msibani kila mtu alijua kilichomuua. Mama Kulwa hakuwa na haja hata ya kupaza sauti. "Nilisema," alikuwa anarudia, "nilisema mimi." Wanaume waliporudi makaburini wakaja uani wakamwambia Bibi wanataka ile mitungi. Kulikuwa bado mchana, jua limesimama, watu wamejaa. Mimi nimekaa mlangoni jikoni. Bibi akanitafuta kwa macho mpaka akaniona. Nikafungua kinywa, namshuhudia Mungu, nilikuwa nimeshafungua kinywa.

Bibi akaniwahi.

"Watoeni," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Hao ndio wamemmaliza mwanangu."

Waliitoa mitungi, wakaipasua katikati ya uwanja. Pumba zikamwagika, na ndani yake madonge mawili, vichwa vimefichwa. Walingojea wakimbie. Walingojea watoe ulimi, wateme, wafanye walichokuja kukifanya. Hawakufanya kitu. Kijana mmoja mwenye fimbo akasita, akauliza, "Mbona wametulia hivi?" Fimbo ya kwanza ilipowashukia walizidi tu kujikaza, kila mmoja akikisukuma kichwa ndani zaidi. Kisha mafuta ya taa. Moshi wa pumba ulituingia mpaka ndani, na mimi nilitapika nyuma ya choo, pale pale nilipokuwa namlishia Popi.

Bibi hakuniuliza tena habari ya sahani, siku ile wala siku nyingine. Alinisomesha, aliniozesha. Lakini kila tulipokula samaki alikuwa anaitazama sahani yangu mpaka aone miiba imewekwa pembeni, ndipo anainua macho. Mimi nilijua ananihukumu. Ikafika wakati nikasema samaki wananidhuru, nikawa nakula dagaa tu, maana dagaa haachi kitu kwenye sahani.

Mwaka huu nilimleta kwangu Ifakara akiwa hajiwezi. Siku zikafika akasusa chakula, akageukia ukutani. Mume wangu, mtu mwema, akaniambia, "Mwache apumzike. Usimsumbue mzee wa watu." Nikachukua bakuli la uji, nikavuta kigoda, nikaketi pale pale.

"Bibi, kula."

"Sina njaa."

"Kula hivyo hivyo. Sitoki hapa."

Akajivutia shuka. Halafu, bila kugeuka, akasema, "Ile sahani."

Nikashusha kijiko kwenye bakuli.

"Ya kwanza," akasema. "Ile uliyoniletea mara ya kwanza ukaniambia amekula yote. Haikuwa na miiba."

"Uliniuliza siku ya nane, Bibi."

"Nilikuuliza siku ya nane. Niliona siku ya kwanza." Sauti yake ilikuwa ndogo, ikitokea ukutani. "Nilitaka awe amekula. Kila siku napika samaki, nasema leo nitaiona miiba. Nakuona unavyokuja unachekelea, na mimi nachekelea. Nikaogopa kufungua ule mlango. Na wale wadudu nao nikawaonea, maana ilibidi awepo wa kusemwa, na asiwe wewe. Wala mimi."

Nilikasirika, sitaficha. Miaka yote ile nimebeba gunia peke yangu, kumbe mwenzangu alikuwa na lake, tumelala chumba kimoja, tumekula mkeka mmoja, kila mmoja amejikunja juu ya lake. Nililia kwa hasira na kwa kumpenda, vyote pamoja. Kisha nikamshika bega. Nikamgeuza mwenyewe, kwa mikono yangu, mpaka nikauona uso wake.

Macho yalikuwa na ukungu. Nikayatazama. Akafungua kinywa, nikaweka kijiko cha kwanza, nikangoja ameze, nikaweka cha pili. Sikuangalia pembeni hata mara moja, na yeye hakuangalia pembeni.

Jioni Mama akapiga simu kutoka huko aliko, akauliza kama kila siku anavyouliza, "Mama amekula?"

Bakuli lilikuwa bado mapajani mwangu.

"Amekula yote," nikamwambia. "Nimemwona."